Mwalimu, Hukutuuliza Tunameza Dawa Gani

Kwako Mwalimu wa Kufunga,
Dodoma Mjini.



 Mimi ni mmoja wa tuliojaa ukumbini Jumamosi ile ya mafunzo yako ya kufunga, safu ya tatu upande wa madirisha. Nakuita Mwalimu kwa sababu ukumbi mzima ulikuita hivyo, na kwa sababu baadhi ya uliyotufundisha yamenifaa. Nitaanza na hayo, maana mtu hupewa haki yake kabla ya kudaiwa.

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Wenye ugonjwa huu wanazijua asubuhi zake. Vidole vinaamka vimekakamaa na vifundo vimevimba, na kufungua mfuniko wa chupa ya chai ni kazi ya kumwita mtoto. Inapita saa nzima na zaidi kabla ngumi haijafumbika. Juu ya hayo nina tumbo: kiungulia cha usiku, gesi, na maumivu chini ya chembe ya moyo. Ulipotuambia tumalize kula saa moja jioni na tusitie kitu kinywani hadi saa tano asubuhi, isipokuwa maji na chai isiyo na sukari, niliona ni jambo ninaloliweza, nikalifuata.

Kiungulia kilipungua sana. Hapa mjini chakula cha usiku tunakila saa tatu, wengine saa nne, ugali na nyama ya kukaanga, kisha mtu anajinyoosha kitandani. Tumbo lililojaa likilazwa, tindikali inapata njia ya kupanda hadi kooni. Ukiliacha limalize kazi yake kabla ya kulala, kinachobaki cha kupanda ni kidogo. Gesi nayo ilitulia. Ulitueleza kwamba utumbo una mwendo wake wa kujifagia: tumbo likiwa tupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi yanapita mawimbi ya misuli yanayosukuma mabaki kwenda chini, na mawimbi hayo hukatika mara tu unapoanza kula. Hilo ni kweli. Sisi tunaotafuna tangu maandazi ya asubuhi hadi karanga za jioni hatuyapi nafasi, na nakushukuru kwa kutuambia kwa lugha ambayo hata bibi aliyetoka Mpwapwa aliielewa.

Vidole je? Asubuhi nyingine viliamka vyepesi, nyingine vizito kama zamani. Dawa zangu sikuziacha, kwa hiyo siwezi kusema nafuu ile ililetwa na kufunga au na dawa. Wewe pia huwezi, Mwalimu, lakini ulilisimulia kundi lako zima la simu kwamba imeletwa na kufunga.

Sasa nidai.

Pale mlangoni tulipewa fomu. Iliuliza jina, umri, uzito, urefu, namba ya simu, na kama tungependa kuchukua unga wako wa mbegu pamoja na mafunzo. Kulikuwa na kisanduku cha kuandika namba ya muamala wa malipo. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandika ugonjwa tulio nao wala dawa tunazomeza. Niliigeuza nyuma nikidhani labda uko huko. Nyuma kulikuwa na bei.

Uliwajua waliokaa mbele yako? Kushoto kwangu alikaa mzee kutoka Bahi mwenye kisukari, anayemeza glibenklamaidi kila asubuhi. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, na kongosho hutii hata kama mtu hajala. Akiimeza asubuhi na kukaa bila chakula hadi saa tano, sukari inaweza kushuka hadi atetemeke, achanganyikiwe, apoteze fahamu. Mzee kama huyu daktari wake anaweza kumpunguzia dozi, au kumbadilishia saa za kumeza, au kumwambia asifunge kabisa. Wewe ulimpigia makofi kwa kuja kutoka mbali.

Nyuma yangu alikuwepo kijana wa bodaboda mwenye maumivu ya mgongo, anayejinunulia diklofenaki duka la dawa kila yanapomzidi. Dawa za jamii hiyo hupunguza ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Ndiyo maana mfamasia anayejali hukuambia umeze ukiwa umekula. Uliposema kwamba tumbo tupu ndilo tumbo linalopona, yeye alilisikia kama ruhusa ya kumeza vidonge vyake alfajiri juu ya chai kavu.

Na alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni. Aliinuka akauliza kama anayenyonyesha anaweza kufunga, ukamjibu kwamba mwili una akiba ya kutosha. Mwalimu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hukumuuliza mama yule jana alikula nini. Ulimtazama kwa umbali wa ukumbi mzima, ukajua akiba yake.

Lakini linalonifanya niandike ni la jirani yangu, tuliyekwenda naye siku ile.

Ana lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuugeukia mwili. Kwa muda mrefu amekuwa akimeza prednisoloni, na kama wengi wanaoimeza, aliichukia kwa jinsi ilivyomvimbisha uso. Ulipotutumia ile sauti kwenye kundi la simu, ukisema kwamba anayefunga huku akiendelea na vidonge anauzuia mwili wake usijitibu, aliisikiliza mara mbili mbele yangu. Kesho yake aliacha kila kitu.

Naomba nikueleze kilichotokea mwilini mwake kama nilivyoelezwa wodini, kwa sababu nadhani hukujua, na sitaki kuamini kwamba ulijua. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari hasa mtu anapokuwa mgonjwa au mwenye njaa. Prednisoloni inafanya kazi ya homoni hiyo. Mtu akiimeza kwa wiki nyingi, tezi huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Ndiyo sababu madaktari huipunguza kidogo kidogo, ili tezi ziamke. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila ile ya kidonge na bila ile ya kwake. Ongeza hapo saa kumi na sita bila chakula.

Alianguka bafuni alfajiri, siku chache tu baadaye. Tulimbeba kwenye bajaji, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, akitapika maji matupu. Presha ilikuwa chini, sukari chini. Muuguzi alipouliza dawa anazotumia, binti yake alitoa mkobani kipande cha vidonge. Safu mbili tu za juu ndizo zilizotobolewa, zilizobaki zilikuwa zimejaa vilevile. Muuguzi alikitazama, akakimbia kumwita daktari. Wiki hiyohiyo ulimwandikia kwenye kundi ukimuuliza mbona ameacha kutuma picha za sahani yake. Alikuwa amelazwa.

Amerudi nyumbani, tunamshukuru Mungu. Lakini wapo wengine kundini ambao sijui wanaendeleaje. Baridi yabisi isiyotibiwa hula mfupa, na mara nyingi uharibifu huanza katika miaka miwili ya mwanzo. Kifundo kikishaliwa hakirudi, hata ufunge vipi. Mtu anayeacha dawa yake ya methotreksati kwa sababu ya sauti uliyorekodi ukiwa garini anaweza kujisikia vizuri mwezi wa kwanza, akakutumia ushuhuda, nawe ukausambaza. Mkono wake utakapopinda hatakuwa tena kwenye kundi lako.

Umezoea kutuambia kwamba sayansi iko upande wako. Ulitaja Tuzo ya Nobel. Ni kweli, mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa tuzo hiyo kwa kugundua jinsi seli zinavyojila na kujisafisha zinapokosa chakula. Kazi aliyotuzwa aliifanya kwa hamira, hii hii tunayoumulia maandazi. Ni ugunduzi mkubwa, na umefungua milango mingi ya utafiti, lakini hamira haina viungo vya kuuma wala haimezi vidonge. Ulitaja pia kazi za Valter Longo wa California. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kwamba mzunguko wa siku chache za kula kidogo sana uliwapa nafuu panya waliopandikizwa ugonjwa unaofanana na ule ambapo kinga hushambulia mishipa ya fahamu. Ulipousimulia ukumbini, neno panya halikutoka kinywani mwako.

Utafiti ambao ungenisaidia mimi mwenye baridi yabisi hukuutaja, nami nitautaja kwa niaba yako, maana kwa sehemu unakutetea. Mwaka 1991 jarida la The Lancet lilichapisha kazi ya watafiti wa Norwei. Waliwagawa wagonjwa wa baridi yabisi makundi mawili, 27 wa kubadilishiwa chakula na 26 wa kulinganishwa nao. Wale 27 walikaa wiki nne kwenye kituo cha afya, wakafunga siku 7 hadi 10 kwa supu za mboga, juisi na chai za majani. Kisha chakula kilirudishwa kimoja kimoja, kipya kila siku ya pili, na kilichoamsha maumivu kikawekwa kando. Waliendelea na mlo usio na nyama kwa mwaka mzima. Viungo vinavyouma vilipungua, ukakamavu wa asubuhi ulipungua, na nafuu hiyo ilikuwepo hata mwaka ulipotimia.

Tazama walichokifanya. Walikuwa na watu wa kuwaangalia. Walikuwa na kundi la kulinganisha. Na baada ya kufunga walifuata kazi ndefu ya kutafuta ni chakula gani kinamdhuru nani. Kabla yao, mwaka 1979, Waswidi walikuwa wameona kwamba nafuu waliyoipata baadhi ya wagonjwa wakati wa kufunga ilififia waliporudi kula. Kwa hiyo kufunga kunaweza kutuliza moto wa viungo, naamini hivyo kabisa, na ningependa sana mtu awafanyie utafiti kama ule wagonjwa wa Dodoma, kwa uwele wetu, mlenda wetu na karanga zetu, si kwa vyakula vya Norwei. Wewe una ukumbi unaojaa. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo palepale chuoni. Umewahi kuvuka barabara ukawagongea mlango?

Kuhusu vidonda vya tumbo uliteleza zaidi. Ulisema vidonda ni tumbo kuchoka. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria, na mwaka 1984 Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe ili kuthibitisha. Tuzo yao ya Nobel ni ya mwaka 2005. Bakteria huyo anapimika kwa kinyesi, na anatibiwa kwa mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza tindikali kwa siku 10 hadi 14. Hafi kwa njaa yako. Na kidonda kilichoko mwanzo wa utumbo mwembamba huuma zaidi tumbo likiwa tupu, hasa usiku wa manane, kikatulia ukila. Aliyekuwa akisikia maumivu hayo na wewe ukamwambia avumilie kwa sababu ni sumu inatoka, alivumilia kidonda.

Unalitumia pia jina la Profesa Mohamed Janabi. Nchi nzima inajua jinsi alivyotufanya tuitazame sahani upya, tangu akiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hadi Muhimbili. Tulibishana vijiweni, kwenye daladala na misibani kuhusu ugali, sukari na milo mitatu. Lakini yeye ni daktari bingwa wa moyo, na mengi niliyomsikia akisema yalihusu uzito, kisukari na presha. Ukilikopa jina lake ili kumwachisha mgonjwa wa lupasi dawa zake, hilo ni lako peke yako.

Nije kwenye lile lililonichoma kama mtu wa huku. Ulisema wazee wetu wa Ugogo walikula mlo mmoja kwa siku, ndiyo maana hawakujua magonjwa haya. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga.

Wazee wetu waliposhinda na mlo mmoja, mara nyingi ni kwa sababu wa pili haukuwepo. Uwanda huu unapata mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na zikikatika Februari uwele unakaukia shambani. Kuanzia Januari maghala yanakuwa yamepungua na mavuno yako mbali, na hiyo ndiyo miezi ya jembe. Watu wa nyumba nyingi za Chamwino na Bahi wanajua kulima tangu alfajiri kwa uji mwepesi. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliwajia Wagogo baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa ajili ya vita yao, kisha mvua zikakosa. Watu walikufa, wengine wakatawanyika wasirudi. Wazee waliipa njaa hiyo jina na kuhesabia miaka kwayo. Hawakuiona kuwa tiba. Na kama wengi wao hawakuugua magonjwa ya uzee, wapo ambao hawakuufikia uzee.

Nasema haya kwa sababu miongoni mwa waliokusikiliza wapo ambao Machi ikifika watakuwa wanafunga bila kupenda. Mtu wa namna hiyo akiambiwa njaa ni dawa, ataacha kumwambia muuguzi kwamba hakula.

Na hatukuhitaji kusubiri ukumbi wako ili tujue kufunga. Ndugu zetu wa Kondoa wanafunga Ramadhani tangu vizazi, na mtoto wa madrasa hufundishwa pia nani hafungi: mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa analisha maskini. Imo kwenye Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Kwa Wakatoliki, mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa halazimiki. Dini, ambazo zina haki ya kudai sadaka kwa mtu, zimemwachia mgonjwa mlango. Programu yako ina mlango mmoja tu, nao ndio ule tulioachia fedha.

Usidhani siioni sababu ya watu kukufuata. Naijua vizuri. Hospitali tunakaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, tukiingia daktari ameinamia kompyuta, na kabla hujamaliza kusema vidole vinakuuma wapi, karatasi ya dawa imeshatoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninakula nini, saa ngapi. Wewe uliuliza. Ulikaa nasi muda wa saa nne, ukasikiliza habari za gesi na choo ambazo mtu anaona haya kumwambia mumewe. Madaktari wanaosoma waraka huu na walichukue hilo kama lao: mgonjwa anayeona aibu kuwaambia kwamba anafunga ataendelea kufunga kwa siri, na ninyi mtaendelea kumwandikia dozi ya mtu anayekula mara tatu. Nilipomweleza daktari wangu, kwa kumlazimisha asikilize, alihamishia dawa zinazohitaji chakula kwenye mlo wa saa saba mchana. Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu.

Kwa hiyo sikuombi ufunge ukumbi. Naomba fomu yako iongezwe mistari: una ugonjwa gani, unameza nini, una mimba au unanyonyesha, jana ulikula mara ngapi. Anayeandika insulini, glibenklamaidi au prednisoloni mrudishie fedha yake, umwambie arudi na barua ya daktari. Ile sauti inayosema vidonge vinauzuia mwili usijitibu bado iko kundini, nimeisikia tena juzi ikisambazwa kwa watu wapya. Ifute, kisha urekodi nyingine, kwa sauti ileile na urefu uleule, useme kwamba hakuna anayepaswa kuacha dawa kwa sababu yako. Na huo unga wa mbegu, tuonyeshe kibali chake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002 na ina Baraza lake. Kama umesajiliwa, bandika cheti pale mlangoni, juu ya meza ya malipo.

Mimi naendelea kumaliza kula saa moja jioni. Jirani yangu ameanza kula vizuri, na daktari anampunguzia prednisoloni polepole. Bado ana ile risiti yako. Mchana hulala, lakini kuanzia saa kumi jioni anapokea wageni, na nyumba yake si ya kuulizia sana: ukifika Chang'ombe nipigie, namba yangu unayo kwenye fomu, nitakuja kukuchukua barabarani. Anasema hana maneno makali kwako, anataka tu umwone.

Ni mimi,
mwanafunzi wako wa safu ya tatu,
Chang'ombe, Dodoma.